Mwaka Aliokohoa Mgeni

Nasieku alinipigia simu nikiwa uani kwangu hapa Daa, napepeta maharage. Alisema, "Dada Paulina, Koko ametutoka," na mimi nikaweka ungo chini. Koko ni bibi kwa Kimaasai. Yule alikuwa mama mzazi wa Nasieku, lakini nusu ya mji wa Karatu ilimwita Koko, wakiwemo wazee waliomzidi umri, na yeye hakuwahi kumkatalia mtu. Miaka yake ya mwisho alirudi Endulen kukaa kwa binti yake. Siku hiyo alikunywa uji, akaomba asogezwe juani, akalala usingizi palepale kwenye kiti na hakuamka tena. Mtu mwingine angeuliza kama aliacha neno, au mazishi ni lini. Mimi niliuliza, "Alikuwa anakohoa?" Nasieku akacheka huku analia, nikamsikia vizuri kabisa akifanya yote mawili. "Hapana, dada. Hata kidogo. Pumzi yake ilikuwa nyepesi mpaka mwisho." Nikasema ahsante Mungu, na nilimaanisha.

Kesho yake nilipanda gari la kwenda Endulen. Ukishapita lango la Lodoare, la kuingilia hifadhini, barabara inapanda msituni, na kule juu ukingoni mwa Kreta ukungu huwa mzito hata dereva mzoefu hupunguza mwendo. Watalii walikuwa wamesimama pale pa kutazamia, wamejifunga makoti, wanapiga picha za ukungu. Abiria wenzangu waliwacheka. Mimi sikuwacheka, maana na mimi nilikuwa natazama nje ya kioo bila kuona chochote zaidi ya jiko moja lenye giza, vibuyu vimening'inia ukutani, na paka wa rangi ya majivu ameinama chini, shingo ameinyoosha mbele, anakohoa.

Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika Karatu mjini nitaziacha, zinafanana na za watu wengi. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na nilipata pa kulala kwa Koko, mjane aliyeuza maziwa mgando nyuma ya soko. Lami ilikuwa bado haijatufikia. Magari ya watalii yakipita, vumbi lilipanda likatua juu ya kila kitu, na kila kitu kikawa chekundu: nguo kwenye kamba, mbuzi, kuta za kanisa, hata meno yako kama ulikuwa mtu wa kucheka njiani. Koko alikuwa na vyumba viwili vya tofali za kuchoma, lakini vyumba alivichukulia kama mahali pa kuwekea magodoro tu. Maisha yake yalikuwa jikoni. Jiko lile lilijitenga uani, alilijenga mwenyewe kwa mtindo wa kwao, fito na udongo na samadi, mlango mfupi wa kuingia umeinama, na badala ya dirisha palikuwa na tundu lisilotosha hata kupitisha mkono. Mimi nililelewa kwenye nyumba yenye madirisha, na siku za kwanza nilikuwa nikitoka mle machozi yananitiririka, naye ananiambia, "Endito, nani amekufia?" Endito ni msichana. Sikumbuki kama aliwahi kuniita Paulina.

Maziwa yaliletwa asubuhi kwa baiskeli kutoka kwa shemeji yake, aliyekuwa anachunga pembezoni mwa mji. Lakini siri ya maziwa ya Koko ilikuwa kazi ya alasiri. Alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda, akavishusha vibuyu kimoja kimoja. Alichukua kijiti cha mzeituni wa porini, ambao yeye aliuita oloirien, akakichoma mpaka ncha ikawa kaa jekundu, akakitia ndani ya kibuyu akasugua pande zote, akafunika, akatikisa. Alipofunua, moshi mweupe ulitoka mdomoni mwa kibuyu, una harufu tamu sana. Kisha akasugua majivu yakatoka, na kibuyu kikawa tayari. Hiyo ndiyo dawa ya kibuyu. Maziwa hayaharibiki haraka, na yanapata ladha ya moshi ambayo ukishaizoea, maziwa ya pakiti unayaona kama maji ya kusuuzia vyombo. Niliwahi kumuuliza kwa nini asifanyie nje, penye hewa. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Nje upepo unaharibu kaa. Halafu kibuyu hakiogeshwi barabarani. Wewe unaoga barabarani?"

Paka alikuja na lori la vitunguu kutoka Mang'ola. Utingo alipokuwa anashusha magunia sokoni, gunia moja likalia nyau, watu wakaruka, akatoka mtoto wa paka aliyekonda, ananuka vitunguu mwili mzima. Alimfuata Koko mpaka nyumbani, au kusema kweli alikifuata kibuyu. Koko akasema, "Huyu ni mgeni, anywe aende." Akanywa, hakwenda, na jina likabaki hilohilo. Mgeni akawa paka mkubwa mwenye dharau kama karani wa mahakama. Panya wakahama. Kila alasiri Koko alipofunga mlango, Mgeni alikuwa ndani tayari, amekaa karibu na goti lake, pua karibu na mdomo wa kibuyu, maana alijua baada ya moshi kutakuwa na maziwa ya kuonja. Koko alizungumza naye Kimaa, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, maneno marefu ambayo mimi nikiwa nje nilisikia mlio wake tu. Mwanamke yule hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye Kimaa mchana kutwa. Alasiri nilileta kazi nyumbani, nikawa nakata vitambaa barazani kwetu, nasikia sauti yake, na nilikuwa najisikia niko nyumbani.

Kikohozi kilianza wakati wa kipupwe. Wasioijua Karatu hudhani Tanzania yote ni joto, waje mwezi wa saba waone watu wamevaa makoti ndani ya nyumba. Tulifunga milango, tukaziba na lile tundu la jikoni kwa tambara. Mgeni akaanza. Alikuwa anajikunja, tumbo karibu na ardhi, shingo mbele, anatoa sauti kavu kama mtu anayesugua ubao kwa msasa, halafu anameza mate, anatazama huku na huku kama amekosewa adabu, anaondoka. Tulidhani ni mafua ya baridi, yataisha. Hayakuisha. Jirani yetu Mama Tluway, Mwiraqw mwenzangu, au Mmbulu kama wengine wanavyotuita, aliyekuwa na mgahawa ubavuni kwetu, akasema ni nywele. Paka hujilamba, nywele zinajaa kooni, hilo kila mtu analijua. Akashauri mafuta ya taa kijiko kimoja. Namshukuru Mungu Koko alikataa, ingawa sababu yake haikuwa ya kitabibu; alisema mafuta ya taa ni ghali kuliko paka. Badala yake alimlambisha samli. Mgeni akanenepa, na akaendelea kukohoa.

Baridi ilipoondoka likaja vumbi. Hapo tukasema basi, ni vumbi, nani asiyekohoa Karatu? Lakini neno lilikuwa limeanza kutembea. Mama Tluway ndiye alikuwa mteja mkubwa wa Koko. Wateja wake walikula loshoro ya mahindi na maziwa ya kibuyu, madereva na mafundi wa barabara, na kutoka mezani walisikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Mmoja akauliza ni nani anayekohoa hivyo kwenye nyumba ya maziwa. Kwenye kikohozi watu hawaulizi mara mbili, wanafikiria kifua kikuu na wanahamisha midomo yao. Koko alikuwa na jibu tayari. "Ni paka," alisema, bila hata kugeuka. Na kwa kuwa wote walishamwona Mgeni akikohoa, wakacheka, wakanywa. Ila kicheko cha namna hiyo hakidumu. Siku moja Mama Tluway alikuja na gunia tupu mkononi, lile jekundu la nyavu la vitunguu, akaketi barazani kwangu akaliweka mapajani kama kitambaa cha kushona.

"Paulina, mwambie bibi yako. Lori la Mang'ola linaondoka Jumamosi. Huyu paka arudi alikotoka."

"Ukimtia gunia utamuua, Mama Tluway."

"Sijasema nimuue. Nimesema arudi kwao. Mimi nauza chakula, binti yangu. Wateja wakisikia ugonjwa wanahama, na wakihama kwangu, na maziwa ya Koko atanunua nani? Atayaoga?"

Koko alisikia kutoka jikoni. Alitoka ameinama kwenye ule mlango wake, akasimama wima, akamwambia Mama Tluway kwa upole ambao ulinitisha zaidi ya hasira, "Lete gunia mbili basi. Ya Mgeni na ya mimi." Mama Tluway akaondoka, lakini gunia aliliacha. Mimi nilibaki nimelitazama. Nilimpenda yule paka, sina haya kusema, na nilijua kwamba bila yeye Koko angebaki na vibuyu tu. Nikaamua nimpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya Jumamosi.

Enzi hizo kumpeleka paka kwa daktari ilikuwa kichekesho. Ofisi ya mifugo ilikuwa ya ng'ombe, mbuzi, na punda mmoja mmoja. Nilimweka Mgeni kwenye kikapu, nikafunga kanga juu, nikakaa foleni katikati ya wazee wenye fimbo. Mgeni alipolia, mzee mmoja aliuliza kama nimeleta mtoto. Mwingine aliyechungulia akasema, "Dunia imekwisha, mpaka paka ana bwana mganga!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini Dokta Safari, aliyekuwa kijana bado, mrefu, gumboti zimejaa matope, hakucheka. Alimtoa Mgeni, akamfungua mdomo, akamwangalia koo na pua na macho, akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani kwake, akafumba macho. Wazee wakanyamaza kama wako kanisani.

"Anakohoaje? Nionyeshe," akaniambia.

Mbele ya wazee wa watu, nilijikunja nikanyoosha shingo, nikakohoa kama paka. Dokta akatikisa kichwa kukubali. Alisema hizo si nywele. Paka mwenye nywele tumboni anakokomoa na mwisho anatapika, unaliona donge la nywele chini. Huyu anakohoa na hakitoki kitu. Wala si mafua, kwa sababu macho makavu na pua safi. Kooni hakuona mfupa wala nyasi iliyokwama. Ilibaki minyoo ya mapafu, ambayo paka huipata kwa kula panya na mijusi na ndege, na Mgeni kwa ulaji huo alikuwa bingwa. Au moyo, ingawa kwa paka moyo ukiugua mara nyingi huoni kikohozi, unaona kuhema. Au ile pumu ya paka, njia za hewa zinavimba kwa kitu anachokivuta, vumbi, moshi, manukato. Alinipa dawa ya minyoo, akanionya nisithubutu kumpa vidonge vya binadamu vya maumivu, vinaua paka upesi. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukielewa uzito wake siku ile.

"Minyoo tumeitibu. Sasa mwangalie. Kikohozi kinakuja wakati gani, mkiwa mnafanya nini? Na nyumbani, yuko mwingine anayekohoa?"

"Hakuna," nikasema. "Ni paka tu."

Kwa ushahidi wa kwamba Mgeni yuko kwenye dawa, Mama Tluway alikubali lori la Jumamosi lipite. Lilipita, na jingine likapita. Koko alifurahi kwa namna yake, yaani alinipikia ugali na nyama ya mbuzi akasema imebaki tu kwa jirani. Tukila, akanisimulia habari za ugonjwa wa mapafu ulioingia kwenye mbuzi wa mumewe zamani, kule Endulen. Mbuzi mmoja alianza kukohoa. Jirani yao mmoja, mtu mwenye haraka, naye alikuwa na mmoja wa namna hiyo, akamtibu huyo mmoja peke yake. "Mjinga," Koko alisema, analamba mafuta kidoleni. "Ukisikia mmoja anakohoa, hutibu yule. Unakwenda zizini, unanyamaza, unasikiliza wote. Yule unayemsikia siye peke yake. Ni yule aliyeshindwa kunyamaza." Niliyapenda yale maneno, nikayarudia kwa mafundi wenzangu kesho yake, na mimi mwenyewe nikapita juu yake kama mtu anayepita juu ya kisima kilichofunikwa.

Mvua za vuli zikanyesha. Vumbi likalala, barabara ikawa tope, na kila mtu Karatu akapumua. Dawa ya minyoo Mgeni alishameza yote kwa vita na makucha. Na bado alikohoa. Basi nikafanya alivyosema Dokta, nikamwangalia. Asubuhi hakohoi. Mchana akilala juu ya vitambaa vyangu hakohoi. Jioni, baada ya vibuyu, anatoka jikoni na kikohozi. Siku shemeji alipokosa kuleta maziwa na vibuyu havikushushwa, hapakuwa na kikohozi siku nzima. Nilihisi furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Alasiri iliyofuata, kabla mlango haujafungwa, nilimkamata Mgeni nikamweka mapajani kwangu barazani, nikamshikilia kwa nguvu, naye analalamika. Nilitaka kuona: bila moshi, atakohoa?

Koko alifunga mlango. Nikasikia kifuniko cha kibuyu. Nikaona moshi unachungulia juu ya mlango. Kisha nikasikia kikohozi, kikavu, kirefu, kinachosugua, kinaanza tena kabla hakijaisha. Halafu sauti ya Koko kutoka ndani, imechoka, imeinuliwa makusudi ili isikike mpaka mgahawani: "Mgeni! Acha, we Mgeni!"

Mgeni alikuwa mapajani mwangu. Alikuwa ameacha kulalamika, masikio yamesimama, anatazama mlango wa jiko. Hakukohoa. Nilikaa palepale mikono imeganda kwenye manyoya yake, na hofu iliyoniingia sijawahi kuisahau, hofu ya mtu aliyegundua kwamba mwezi hadi mwezi amekuwa akimtafutia dawa paka, na kumbe ndani kuna mtu anazama.

Niligonga. Alipofungua, aliniona nimemkumbatia Mgeni, akaelewa papo hapo. Hakubisha. Alirudi kwenye kigoda chake, akapanga vibuyu vyake kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Akasema kikohozi chake kilianza kabla ya cha paka, kilikuwa kidogo, na paka alipoanza aliona Mungu amemletea msaidizi. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa. Mumewe aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa, na yeye aliahidi miguu yake haitafanya kosa lile. "Na nikienda, mji utajua. Mama Tluway atajua. Nitauza nini? Nyinyi Wambulu mnalima, mnakula hata mkiugua. Mimi nina hivi vibuyu tu." Nililia. Nilimwambia nampenda, kwa Kiswahili cha shule, maneno ambayo watu wetu hawaambiani, akaona aibu akatazama pembeni. Nikajifuta uso nikasema jambo la mwisho nililokuwa nalo.

"Koko, ukisikia mmoja anakohoa, unafanya nini?"

Mgeni alijinasua mikononi mwangu, akamwendea, akakaa karibu na goti lake kama kawaida. Koko akamtazama, akanitazama mimi, na akasonya, msonyo mrefu wa mtu aliyeshindwa kwa fimbo yake mwenyewe.

"Unasikiliza zizi lote," akasema. "Mshenzi wewe. Kesho. Lakini tuanze na Mgeni."

Asubuhi alivaa shanga zake zote, za shingoni na za masikioni, zile za harusi. Alisema kama anakwenda kufa aende amependeza, na kama anakwenda kupona, vilevile. Tulianzia kwa Dokta Safari. Nilipomweleza habari za moshi wa kibuyu, alitoa vidonge vidogo vya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, akasema dawa kubwa ni kumweka mbali na moshi. Kisha akamtazama Koko, akamwamkia "shikamoo" tena ingawa alishamwamkia. Tukaenda hospitali na kikapu chetu, maana nyumbani hatukuwa na wa kumwachia. Tulikaa kwenye benchi, kikapu kimefunikwa kanga miguuni pa Koko. Mle ndani kimya, kila mgonjwa anafikiria yake, na ghafla Mgeni, nadhani kwa harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, akaanza kukohoa. Nesi akainua kichwa, akamjia Koko moja kwa moja.

"Bibi, kikohozi hiki kina muda gani?"

"Ni paka," akasema Koko.

"Bibi, hapa hatufanyi mzaha."

Koko akafunua kanga. Mgeni akatoa kichwa akamtazama nesi kwa ile dharau yake ya kiofisi. Benchi zima lilipasuka kwa kicheko, mama mmoja mjamzito alicheka mpaka akashikilia tumbo, na nesi naye akageukia ukutani mabega yakimtetemeka. Nimeishi nyakati nyingi nzuri tangu siku ile, lakini nikitaka kukumbuka tumaini lina sauti gani, nakumbuka kicheko cha benchi lile. Maana kicheko kilipoisha Koko mwenyewe alikohoa, mbele ya watu wote, bila kujificha nyuma ya yeyote. Nesi akamshika mkono, wakaingia ndani.

Walimpima makohozi, wakampiga picha ya kifua. Siku za kusubiri majibu hatukuzungumza habari hiyo, tulishona na kukamua ndimu kwenye chai. Majibu yalipotoka, haikuwa kifua kikuu. Daktari alisema mapafu yake yamechoka kwa moshi wa miaka mingi, hayatarudi kuwa ya msichana, lakini moshi ukipungua, yatapumzika, naye atatembea na kupanda milima. Alimpa na dawa ya kuvuta kwa mdomo. Koko aliuliza jambo moja tu: kama anaruhusiwa kuendelea na vibuyu. Daktari akasema vibuyu sawa, chumba kile hapana.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza, kwa sababu kibuyu hakiogeshwi barabarani. Fundi mmoja wa barabara, mteja wa loshoro, alitujengea kibanda nyuma ya jiko, nguzo na bati la juu, bila kuta. Koko alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa choo kisicho na mlango. Ikabidi mimi niwe ukuta. Kila alasiri niliacha cherehani, nikasimama upande unakotoka upepo, nimetandaza shuka mikono miwili, namkinga na upepo na macho ya watu, na yeye amekaa nyuma yangu anasugua vibuyu vyake na kunigombeza nisimame vizuri. Moshi ulipanda ukaenda zake juu ya mapaa. Mgeni tulimfungia chumbani mpaka kazi iishe, akipiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa urithi.

Mama Tluway alikuja siku ya kwanza ya maziwa ya kibandani. Tulikuwa tumemweleza kila kitu, Koko mwenyewe ndiye aliyetaka. Alishika kikombe, akanusa, akanywa taratibu. Mimi nilikuwa nimeshikilia kitambaa bila kushona. Ladha ikipotea, wateja wamepotea, na Koko angerudi kwenye lile jiko, nilimjua. Mama Tluway akajipangusa midomo.

"Ni yaleyale," akasema. "Niongezee." Kisha akachukua lile gunia lake la vitunguu, lililokuwa bado linaning'inia barazani kwangu tangu kiangazi, akalikunja akaondoka nalo, na jioni nililiona amelifanyia kazi ya kusugulia masufuria. Alipowaeleza wateja wake habari ya hospitali, aliieleza kwa sauti kubwa na kwa chumvi nyingi, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anacheka kwanza, hakuna aliyehamisha mdomo.

Masika yalipofika, kikohozi cha Mgeni kilikuwa cha nadra sana, na cha Koko kilikuwa kimebaki cha asubuhi tu. Mimi nikamaliza cherehani, nikaondoka. Mgeni aliishi akazeeka, akafa kifo cha paka, yaani alikwenda mahali bila kuaga. Koko aliendelea na vibuyu mpaka magoti yalipokataa, Nasieku akamchukua. Nilipompigia simu Endulen, kila mara alipokohoa kidogo, hata kwa kupaliwa na chai, alisema, "Ni paka," nami nilimuuliza mara moja ni paka gani, yuko wapi, mpe simu niongee naye. Ulikuwa mchezo wetu. Lakini haukuwa mchezo mtupu. Alijua nasikiliza, na mimi nilijua ananiruhusu nisikilize.

Tulimzika mchana, upepo mkali, mawingu yanashuka kutoka mlimani. Baada ya sala tulikaa nje ya nyumba ya Nasieku kwenye mabenchi ya kuazima, wanawake wa Kimaasai na shanga zao, wachache tuliotoka Karatu na makoti yetu. Mama Tluway alikuwepo, mzee sasa, ameshikiliwa na mwanawe. Kando yetu moto wa kupikia chai uliwaka, na kibanda cha jikoni cha Nasieku, nilikiona nilipofika, kilikuwa nguzo na bati tu, bila kuta. Watu walikuwa kimya, kimya kile kizito ambacho hakuna anayejua akivunje vipi. Upepo ukageuka, moshi ukatupiga usoni sote, na mtu mmoja nyuma akakohoa.

Nasieku alikuwa amejifunika shuka, anatazama chini. Hakuinua kichwa.

"Ni paka," akasema.

Mama Tluway ndiye aliyecheka kwanza. Kisha mimi, kisha benchi letu lote, na wale ambao hawakuijua habari yenyewe wakacheka kwa kutuona sisi, mpaka mchungaji naye. Tulicheka huku tunalia, na tulipomaliza, nilifanya kitu ambacho najua Koko angekifanya. Niligeuka, nikamtafuta yule aliyekohoa. Alikuwa mama mmoja wa makamo, simjui. Nikahama nikakaa karibu naye, na nikamuuliza kikohozi kimeanza lini.